Mwalimu wa kwaya wa Benaco

Mi nimezaliwa Ngara, upande wa huku wa mto Kagera. Daraja la Rusumo kwetu halikuwa jambo kubwa, unavuka asubuhi jioni umesharudi, maana sisi tunaongea Kihangaza na ukikutana na Mnyarwanda mnaelewana bila mkalimani, na karibu kila nyumba ina shangazi au binamu ng'ambo. Mwaka juzi kijana wangu wa pili, yuko chuo, akanipigia simu usiku. Walikuwa na ubishi hosteli, akaniuliza baba hivi Ukristo umeleta amani duniani au umeleta mauaji? Wenzake walishamtajia Vita vya Msalaba, wakamtajia Makaburu kule Afrika Kusini waliotetea ubaguzi kwa Biblia mkononi, naye akawajibu mbona Askofu Tutu alikuwa Mkristo pia, basi wanarushiana tu kama mpira. Alitaka nimpe jibu moja awanyamazishe. Nikamwambia mwanangu nitakupigia, nikakaa siku tatu sijapiga.

Sikupiga kwa sababu hilo swali mi nalijua lina sura ya mtu. Lina sura ya mwalimu wa kwaya.

Mwaka 1994 nilikuwa na miaka 19, nimemaliza kidato cha nne mwaka wa nyuma yake, nipo nyumbani. Baba yangu alikuwa mwinjilisti wa Anglikana, Mlokole haswa, wa ule uamsho uliowaka Gahini kule Rwanda miaka ya 1930, watu wakasimama kanisani wakaungama wizi na chuki mbele ya wenzao, hadi wamisionari wazungu wakaungama kiburi chao mbele ya Waafrika, na moto ule ukavuka mto ukaja kwetu. Kwahiyo kwa baba Rwanda ilikuwa kama nchi takatifu hivi, ndiko neema ilikotokea. Sa piga picha mzee wa namna hiyo anakaa na redio yake mwezi wa 4, anasikia ndege ya Rais Habyarimana imetunguliwa usiku wa tarehe 6 ikitoka kwenye mkutano Dar es Salaam, ndani alikuwemo na Rais Ntaryamira wa Burundi, halafu siku zinazofuata anasikia Watutsi wanauawa, wanauawa, na wanaowaua ni Wahutu majirani zao.

Kabla watu hawajavuka walitangulia maiti. Hili siwezi kulielezea vizuri. Mto ulikuwa umejaa, maporomoko pale Rusumo yana kelele sana, na kwenye yale maji walikuwa wanapita watu. Wengine wamefungwa mikono kwa nyuma. Walikwenda hivyohivyo mpaka Ziwa Victoria, Waganda wakawa wanawaopoa na kuwazika, na watu wa kandokando ya ziwa wakaacha kununua samaki. Baba alikwenda darajani mara moja tu, akarudi, hakula siku mbili, wala hakusema neno la Mungu wala la mtu.

Halafu tarehe 28 mwezi wa 4 mpaka kesho yake wakavuka walio hai. Watu kama laki mbili na nusu ndani ya siku moja, na mji wetu wote wa Ngara haukuwa hata na robo ya hao. Pale mpakani askari wetu waliwaambia waweke chini silaha, yakawa marundo ya mapanga na marungu na mashoka, na chini ya daraja maiti bado zinapita. Hao waliovuka wengi walikuwa Wahutu wanaokimbia RPF, jeshi la waasi lenye Watutsi wengi, wamo mama na watoto wasio na kosa lolote, na wamo humohumo waliofanya yale tuliyokuwa tunayaona mtoni. Ndio ilivyoanza kambi ya Benaco, jina la kampuni ya Kiitaliano iliyowahi kujenga barabara yetu.

Mi nikapata kibarua cha ukalimani kwenye shirika moja la misaada. Asubuhi mpaka jioni ni foleni za mahindi na maharage na mafuta, shitingi za bluu kila unapotazama, moshi, kipindupindu kinatishia, vichanga vinazaliwa chini ya miti. Jumapili ya kwanza nikiwa kazini nikasikia kwaya.

Ndugu zangu, mi nimekulia kwenye kwaya, lakini sauti zile sijawahi kusikia tena. Sauti nne zimepangika, besi inatambaa chini kama maji ya usiku, na wanaoimba wamekaa kwenye matope hawana hata viatu. Aliyekuwa anaongoza ni mwanamume wa miaka 40 hivi, mwembamba, Mkatoliki wa upande wa Kibungo, katekista na mwalimu wa kwaya. Nikamfuata baada ya misa. Kufupisha habari, yule bwana ndiye aliyenifundisha solfa. Hatukuwa na ubao wala chaki, alikuwa anachukua maboksi ya mgao anayapasua anaandika kwa mkaa, d r m f, ananipigia mapigo kwa kijiti kwenye goti. Mpole, hapandishi sauti hata ukikosea mara kumi. Mama yangu akawa ananipa ndizi nimpelekee, akimwita yule mtumishi wa Mungu.

Tetesi zilikuwepo. Sitasema sikujua kitu. Kambi ilipangwa kwa komuni, yaani yale maeneo ya utawala ya Rwanda, kama walivyokuwa kwao, na wakubwa walewale wa kule ndio walikuwa wakubwa hapa. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa mkuu wa komuni ya Rusumo, alikuwa palepale Benaco kati ya viongozi wa wakimbizi, na huyo miaka ya baadaye mahakama ya Arusha, ile ya Umoja wa Mataifa ya kesi za Rwanda, ilimkuta na hatia ya kuongoza mauaji ya parokia ya Nyarubuye, mashariki ya Rwanda, akaishia na kifungo cha maisha. Mwezi wa 6 ilipojaribiwa kumtoa kambini mwingine, Jean-Baptiste Gatete, umati wenye mapanga na marungu ukawazingira wafanyakazi wa mashirika. Nilikuwepo. Katika ule umati niliona sura ambazo Jumapili nilikuwa naziona zimefumba macho zikiimba. Mwalimu wangu sikumwona siku ile, nikajisemea basi yeye hayumo. Nilitaka asiwemo.

Mwezi wa 12 mwaka 1996 serikali yetu ikasema mwisho wa mwaka wawe wamerudi kwao wote. Wakaondoka kwa miguu kwenye barabara ileile. Mwalimu akanipa bahasha ya nyimbo zake, akanishika bega, akasema uimbe. Nikalia kama mtoto.

Miaka ikapita, nikaoa, nikaingia biashara ya maharage na mchele, nikawa navuka Rusumo kila mwezi. Kule Kirehe nikawa na mteja wangu mama mmoja mwenye duka, mjane, mtu mzima, mwaminifu sana kwenye hesabu. Nilimzoea nikawa namwita mama, yeye ananiita mwanangu. Mwaka 2009 Jumamosi moja gari langu liliharibika nikalala kwao, akaniambia kesho Jumapili kama unataka nitakupeleka Nyarubuye ukaone walipo wanangu. Ndipo akaanza kunielezea.

Alisema mwezi ule wa 4 walikimbilia kanisani kwa sababu waliamini, na kuamini kwao kulikuwa na msingi. Mwaka 1959, na 1963, na 1973, Watutsi walipokuwa wanawindwa walikimbilia parokia na walioingia mle mara nyingi walipona, mapadre walisimama mlangoni na wauaji wakaheshimu. Kwahiyo wazee wakasema twendeni kwa Mungu. Na viongozi wa serikali nao wakawaambia nendeni kanisani, ila hao walikuwa wanawakusanya. Tarehe 15 wakaja. Tarehe 16 wakarudi kumalizia waliokuwa bado wanapumua. Yeye alibaki chini ya wengine, alipotoka alikuwa hana mume wala watoto watatu.

Mi nikasema lile neno ambalo nimelisema miaka yote, nimelisikia kwa wachungaji, nimelisema hata darasani kwa watoto wa kipaimara. Nikasema mama pole sana, ila wale hawakuwa Wakristo wa kweli.

Akaacha kukunja nguo aliyokuwa anakunja. Akasema, "Usiniambie hivyo mwanangu. Aliyesimama mlangoni na rungu ni baba wa ubatizo wa mwanangu wa pili. Alimshika mikononi siku ya maji. Alimfundisha sala, alimfundisha kuimba. Kama huyo hakuwa Mkristo, basi mwanangu alibatizwa kwenye nini? Ukisema hakuwa Mkristo unalitoa kanisa mlangoni pale kimyakimya, halafu mi nibaki na nani wa kumuuliza?"

Halafu akasema huyo baba wa ubatizo alikuwa mwalimu wa kwaya, alikimbilia kwenu Tanzania, aliporudi akakamatwa, kwenye gacaca, zile mahakama za kijijini, akakiri, akatumikia, sasa hivi yuko nje. Nikamuuliza jina. Akalitaja.

Sikulala. Nyimbo zake zilikuwa nyumbani kwangu kwenye kabati. Kwaya yangu kanisani nilikuwa naifundisha kwa namna yake, kijiti kwenye goti. Watoto wangu mwenyewe walijifunzia solfa hapohapo.

Kuanzia hapo ndio nikaanza kusoma na kuuliza, nikakaa na padre mmoja mzee aliyekuwa Rulenge akanifungulia mambo mengi. Rwanda ya mwaka 1994 karibu watu 9 kati ya 10 walikuwa Wakristo. Mapadre Weupe, wale wamisionari wa Kikatoliki, walifungua misheni ya Save mwaka 1900, na baadaye askofu wao Léon Classe akawashawishi Wabelgiji kwamba Watutsi ndio wa kutawala, shule zikawapendelea watoto wa machifu, Wabelgiji wakaandika kabila kwenye vitambulisho miaka ya 1930. Mfalme Musinga aliyekataa kubatizwa akaondolewa mwaka 1931, mwanae Rudahigwa akabatizwa 1943, na mwaka 1946 akaiweka nchi nzima chini ya Kristo Mfalme. Watu wakabatizwa kwa maelfu maana njia ya cheo ilipita kanisani. Halafu upepo ukageuka, kanisa likawa upande wa Wahutu, na chini ya Habyarimana askofu mkuu wa Kigali, Vincent Nsengiyumva, alikaa miaka kibao kwenye kamati kuu ya chama tawala. Askofu mkuu, kamati kuu ya chama! Sa padre wa kijijini atapinga nini, na katekista atapinga nini?

Ndio maana siku ilipofika haikuwa ajabu kiasi hicho. Kule Nyange padre Athanase Seromba alikubali kanisa lake liangushwe kwa tingatinga na waumini wake zaidi ya 1,500 ndani, mahakama ya rufaa ya Arusha ikampa maisha mwaka 2008. Mchungaji Ntakirutimana wa Wasabato kule Mugonero naye alifungwa. Masista wawili wa Sovu walihukumiwa Ubelgiji mwaka 2001. Hao si wahuni wa barabarani waliovaa rozari. Ni watumishi wenye daraja na mamlaka, walisali asubuhi ileile.

Ila kuna upande mwingine, na huu nao naujua tangu nikiwa mdogo. Baba alikuwa anatusimulia habari za Yona Kanamuzeyi, mchungaji wa Anglikana kule Bugesera. Mwezi wa kwanza mwaka 1964, Watutsi wakiwa wanawindwa, yeye alikuwa anawatunza bila kuuliza huyu nani, askari wakaja kumchukua wakampeleka darajani Nyabarongo, wakamuua wakamtupa mtoni. Baba akifika hapo alikuwa anasema maji ya Nyabarongo ndiyo haya tunayokunywa. Na ni kweli, yanashuka mpaka Rusumo. Na mwaka 1994 Gisenyi alikuwepo Felicitas Niyitegeka, Mhutu, mtumishi wa kanisa, aliwaficha watu na kuwavusha Congo usiku. Kaka yake alikuwa kanali, akataka kumwokoa, dada akakataa kuwaacha watu wake. Akauawa nao tarehe 21 mwezi wa 4. Leo ni shujaa wa taifa kule. Alisali sala zilezile alizosali Seromba. Misa ileile, mkate uleule.

Na tuseme na hili pia, maana sisi Wakristo huwa tunaliruka. Kigali mtaa wa Nyamirambo, ambako Waislamu wengi wanaongea Kiswahili hichihichi chetu, watu wengi walifichwa na majirani Waislamu, na baada ya vita Wanyarwanda wengi wakasilimu kwa sababu hiyo. Nikajiuliza kwanini. Yule padre mzee akanijibu, wale hawakuwa na mtu wao kwenye kamati kuu. Walikuwa wachache, wanadharauliwa, wanajuana kwa msikiti kabla ya kabila.

Hilo limenikaa kichwani kuliko yote. Niliangalia walioua na waliokataa, sikuona tofauti ya kuijua Biblia. Mwalimu wangu alikuwa anaijua kunizidi mimi na wewe. Tofauti niliyoiona ni kwamba Yona na Felicitas walishakataa zamani kuhesabu watu kwa kabila, mambo yakiwa bado madogo, kwenye kugawa unga, kwenye nani akae wapi. Kina mwalimu walikuwa wameshazoea kuhesabu miaka 30, kanisani humohumo, kwenye nafasi za shule na seminari, na hakuna aliyewaambia hapa si mahali pake.

Mwaka 2017 Papa Francis alipoomba msamaha mbele ya Rais Kagame kwa dhambi za kanisa, nilimpigia yule mama simu. Akasema nimesikia redioni, amefanya vizuri. Akanyamaza kidogo, akasema ila mlangoni hakuwa Papa.

Basi siku ya nne nikampigia kijana wangu. Nikamwambia sina jibu la kuwanyamazisha wenzako, na lile la "hawakuwa Wakristo wa kweli" usilitumie, mi nimekatazwa na mtu mwenye haki ya kunikataza. Nikamwambia waulize hivi, kanisa lako likianza kuhesabu watu utalijua siku ya ngapi? Akanyamaza. Halafu akauliza, baba, na yule mwalimu je, uliwahi kumwona tena?

Nilikuwa sijamwambia mtu. Nilimwona. Ile Jumapili ya 2009, Nyarubuye. Juu ya mlango wa kanisa pale kuna sanamu ya Yesu amenyoosha mikono, na pembeni, kwenye majengo ya masista, ndiko kwenye kumbukumbu, mafuvu na nguo na sandali za watoto. Tulianza huko. Mama alisimama kidogo tu, hakulia, akasema twende misa isitupite. Tukakaa mbele. Mi Mwanglikana sikujua sana mpangilio wao, nikawa nafuata tu. Kwaya ilikuwa ya vijana, wanaimba vizuri, na nilipogeuka kuwatazama nikamwona yuko benchi la nyuma kabisa karibu na mlango, amezeeka, mvi tupu, haimbi. Alinitambua. Aliinamisha kichwa.

Ikafika pale padre anaposema tutakiane amani. Watu wakaanza kugeuka na kupeana mikono. Mama akawashika mikono watoto wa kulia kwake, akanishika mimi, akatazama mbele. Hakugeuka nyuma. Nyuma kule yule mzee mikono yake aliiweka magotini, hakuna aliyemsogelea, naye hakumsogelea mtu. Kidole kimoja kilikuwa kinagonga goti polepole, vijana walikuwa wameshaanza wimbo.

Kijana wangu akauliza, sa wewe ukampa mkono?

Nikamwambia nilitoka benchini nikafika katikati ya kanisa. Nikasimama pale mpaka wimbo ukaisha, halafu nikarudi kukaa kwa mama.

Mwezi ujao naenda kule na gari la maharage. Mama bado yuko hai, ana miaka zaidi ya 70. Huyo mwingine sijui, sijawahi kuuliza. Kijana amesema atakuja na mimi.